Makochi ya Watu

Renatha alijua kabla hajavuka kizingiti.

Alikuwa ametangulia mbele ya mama yake na shangazi yake, tabasamu limeshamjaa usoni, mkono uko kwenye kitasa cha mlango ule wa mninga alioupenda tangu siku ya kwanza. Akausukuma. Mlango ukafunguka, na tabasamu likamganda.

Sebule ya Malimi haikuwepo.

Mahali pa vile viti vya mninga vilivyosukwa kwa kanda za ngozi ya ng'ombe palikuwa pamejazwa makochi ya Kituruki, meupe pe, yenye kingo za rangi ya dhahabu na vifungo vinavyong'aa kama meno ya bandia. Ngozi yenye mabaka mekundu iliyokuwa ikitandikwa sakafuni imetoweka, limelazwa zulia la manyoya la kijivu. Meza ya mvule haipo. Ipo meza ya kioo. Na ule ukuta wa mawe, mawe ya Mwanza hii hii, ambayo baba yake Malimi aliyachonga na kuyapanga moja baada ya jingine mpaka yakawa nyumba, umefunikwa kwa mapazia mazito kutoka darini hadi chini. Mapazia! Kwenye ukuta usio na dirisha!

"Karibuni, karibuni sana," Malimi alisema kutoka ndani. Alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo ikasimama. "Shikamoo, Shangazi. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba," Shangazi Suzana akaitika, akaanza kuangalia huku na huku.

Malimi alimtupia Renatha jicho moja tu, kavu, kisha akaliondoa haraka. Mwaka mzima na nusu wa mapenzi, na mwanaume huyu hajawahi kumwangalia hivyo. Kana kwamba yeye Renatha ndiye aliyemkosea.

Msimdhanie vibaya. Renatha Rweyemamu alikuwa mthamini wa majengo. Kazi yake ilikuwa kuingia katika nyumba zinazowekwa rehani benki na kueleza bila kupepesa macho kilichomo: hili bati ni gumu la msauzi, hili ni bati la kawaida lililopakwa rangi, huu mlango ni mninga, ule ni wa mbao laini uliopakwa vanishi nyeusi ili ufanane na mninga. Mtu anayejua kazi yake hahitaji kufungua kabati. Hugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Renatha alipita karibu na kabati jipya la televisheni, akaligonga kidogo kama mtu anayepiga hodi. Likaitika kwa sauti ya boksi. Maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi, yakabandikwa karatasi yenye picha ya mbao.

Akapitisha kiganja nyuma ya kochi. Ngozi ya bandia, imeshaanza kubanduka pale ambapo mtu hatazami. Akainama kama anayefunga kiatu, akachungulia chini. Kulikuwa na jina limepigwa kwa rangi nyeusi, la wapambaji wa harusi.

Damu ikamchemka. Makochi ya maharusi! Yale yanayokaliwa ukumbini Jumamosi, Jumapili yanapakiwa kwenye gari na kupelekwa kwa wengine!

Katika ukoo wa Rweyemamu, binti haposwi mpaka shangazi akakae. Ndivyo wanavyoita: kukaa. Dada wa baba hutoka Bukoba, huingia nyumbani kwa mchumba, huketi kwenye kiti chake, hula chakula chake, hutazama. Halafu, akiwa ameketi kitini, hutoa jibu. Jibu hilo halina rufaa, na shangazi haulizwi sababu. Dada yake Renatha, Nice, alikaliwa miaka mitatu iliyopita nyumbani kwa mchumba wake kule Nyakato. Shangazi Suzana aliketi kwenye kiti cha mbao kilicholegea mguu, akanywa chai nusu kikombe, akasema, "Hapana." Nice hajazungumza na shangazi yake mpaka leo.

Leo ilikuwa zamu ya Renatha.

Shangazi Suzana akaketi. Kochi likammeza. Alikuwa mama mfupi, na sponji lile lilimvuta nyuma mpaka miguu ikaachana na zulia, ikabaki inaning'inia kama ya mtoto kanisani. Akatoa kifuko chake, akatia punje za kahawa mdomoni, akaanza kutafuna.

"Waitu!" akashangaa kwa Kihaya. "Hiki ni kiti au ni kitanda?"

Mama yake Renatha, aliyeitwa Mama Angela kwa jina lake mwenyewe, akacheka kicheko kirefu kuliko utani wenyewe. "Kaa ustarehe, wifi. Vijana wa siku hizi wanajua vitu."

"Malimi," Renatha akasema, "hebu nisaidie jikoni."

Jiko lilikuwa nyuma, na mlango wake ulitazama ziwa. Odeta, dada mkubwa wa Malimi, alikuwa anageuza sato kwenye kikaango. Alipowaona walivyoingia, akapunguza moto bila kuulizwa.

"Viti viko wapi?" Renatha akauliza.

"Viti vipi?"

"Malimi, usinifanye mjinga. Viti vyako. Viti nilivyokalia siku ile nilipokosea geti, nikaingia kupima nyumba yako nikidhani ni ya jirani, ukaniacha nipime mpaka chumba cha mwisho ndipo ukaniuliza, 'Na mwenye nyumba naye utampima?' Viti hivyo. Viko wapi?"

"Viko kwenye banda la ndama," Odeta akajibu kwa niaba ya mdogo wake.

"Banda la ndama!" Renatha akashika kichwa. "Mninga! Kwenye mkojo wa ndama! Na wewe ni daktari wa mifugo, unajua kabisa mkojo wa ndama unafanya nini!"

"Dada, tuachie dakika moja," Malimi akasema.

"Siachi. Samaki wataungua." Odeta akabaki palepale, mgongo kwao, masikio kwao.

Malimi akamgeukia Renatha. Sasa yale macho makavu yalikuwa yamelowa hasira. "Unaniuliza mimi? Mimi ndiye nilipaswa kukuuliza. Kama nyumba yangu inakutia aibu, kwa nini hukunieleza kwa mdomo wako? Mpaka umtume mama?"

"Nimemtuma nani?"

"Renatha, tafadhali."

"Nimemtuma nani, Malimi?"

"Mama yako alikuja hapa juzi. Akakaa hapohapo ulipozoea kukaa. Akasema, 'Mwanangu, Renatha anaona haya kukwambia mwenyewe. Anaomba kwa siku hii moja tu tuipambe nyumba, shangazi asije akamcheka.' Jana jioni gari likaja limejaa haya madude. Nikakubali. Nilikubali kama mtu anavyokubali kung'olewa jino. Usiku kucha nimejiuliza: kumbe wakati wote huo alikuwa anakaa kwenye viti vyangu anavumilia?"

Renatha alimtazama. Hasira iliyokuwa imeelekea kwake ilikosa pa kutua, ikazunguka, ikatafuta mlango mwingine. Lakini haikumwacha Malimi bure.

"Na wewe ukaamini," akasema taratibu.

"Ni mama yako. Ningemwambia mama yako ni mwongo?"

"Ungenipigia simu mimi! Namba yangu huna?"

"Nikupigie niseme nini? Eti, 'Habari za jioni, ni kweli unanionea aibu?' Mwanaume hawezi kupiga simu ya namna hiyo."

"Mwanaume mjinga ndiye hawezi!"

"Mimi nilisema," Odeta akadakia, akimtoa sato mafutani. "Nilisema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikaambiwa ninyamaze, haya ni mambo ya Wahaya."

Mlango wa ndani ukafunguka. Mama Angela akaingia, akaufunga nyuma yake, kitenge chake kipya kikimshuka begani. "Punguzeni sauti. Wifi hajaziba masikio."

"Mama, nilikutuma lini?" Renatha akauliza.

Mama Angela hakujisumbua kukana. "Hukunituma. Nilijituma. Na ningejituma tena."

"Umemdanganya huyu, ukanidanganya mimi, sasa unamdanganya Shangazi! Umebakiza nani?"

"Sikiliza wewe. Nice aliporudi kutoka Nyakato, nani alilala naye chumba kimoja mwezi mzima akimfuta kamasi? Ni wewe? Wewe ulikuwa kazini kwako unapima nyumba za watu. Yule kijana alikuwa mzuri, ana kazi, anasali. Amekataliwa kwa sababu ya kiti kibovu! Nimeapa, binti yangu wa pili hatakataliwa kwa ajili ya fanicha. Namjua wifi yangu. Akivikuta hivyo viti vya ngozi na harufu yake, atasema nini? Atasema binti yetu tumempeleka kwa wachunga ng'ombe."

Neno hilo lilipotoka, Mama Angela mwenyewe alionekana kama anataka kulimeza tena.

"Ni kweli, Mama," Malimi akasema kwa upole. "Sisi ni wachunga ng'ombe. Ila bado sijasikia familia iliyokataa ng'ombe wenyewe."

Odeta akacheka kwa pua. Renatha hakucheka. Aliona namna Malimi alivyokunja mikono ya lile shati jeupe, kunja moja, kunja mbili, kama mtu anayetafuta cha kufanya ili asiumie mbele za watu. Alitaka kumshika mkono. Alitaka pia kumpiga kofi. Vyote viwili kwa nguvu sawa.

"Angela! Renatha!" sauti ikaita kutoka sebuleni. "Njooni. Nimetazama vya kutosha. Chakula tutakula tukishasemezana."

Mama Angela akamkamata binti yake kiwiko. "Amefurahi," akanong'ona. "Nimemwona, amefurahi! Renatha, mwanangu, maneno mawili tu yatoke mdomoni mwake, umeshaolewa. Fumba mdomo. Kesho makochi yanaondoka, viti vyenu vinarudi, nani atajua?"

Renatha akamwangalia Malimi. Malimi akainamisha kichwa. Hakumwomba anyamaze, hakumwomba aseme. Alimwachia.

Sebuleni, Shangazi Suzana alikuwa amewekewa mito mgongoni na bado miguu haijafika chini. Alikuwa anapapasa ukingo wa dhahabu wa kochi kwa kiganja.

"Kaeni," akasema. Mama Angela akakaa. Malimi na Renatha walibaki wamesimama. "Mimi ni mtu mzima. Nimekaa nyumba nyingi. Nyumba nyingine unaketi, ubao unakuchoma, moyo unakwambia ondoka. Hapa nimekaa kama mke wa askofu wa Kilutheri. Nimeona pazia, nimeona zulia. Kijana amejipanga. Kwa hiyo mimi Suzana, dada wa marehemu Rweyemamu, nasema—"

"Shangazi, usiseme."

Mikono ya Mama Angela ikaenda mdomoni.

"Nini?" Shangazi akauliza.

"Inuka kwanza. Hicho unachokalia si cha Malimi. Ni makochi ya kukodi, ya wapambaji wa harusi, jina lao limeandikwa chini. Kabati lile ni maranda na gundi. Na hapo nyuma ya pazia hakuna dirisha." Renatha akavuka zulia, akashika pazia kwa mikono miwili, akalivuta lote. Mawe yakatokea, ya kijivu, makubwa, yameshikana kama watu wa ukoo mmoja. "Nyumba yake ni hii. Jibu lako litolewe kwa hii."

Shangazi Suzana aliyaangalia mawe. Akaliangalia kochi. Kisha akaanza kujitoa humo, na kwa sababu kochi lilikuwa limemmeza, ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Nani," akauliza alipopata miguu yake, "nani amenikalisha kwenye makochi ya watu?"

"Ni mimi, Shangazi," Malimi akasema.

Renatha aligeuka kumtazama.

"Nyumba ni yangu," Malimi akaendelea. "Hakuna kinachoingia humu bila mimi kukubali. Nilikubali. Nisamehe."

Hakumtaja mtu. Mwanamke aliyemwita mchunga ng'ombe alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwake, na yeye akamfunika kama mtu anavyomfunika mama yake mwenyewe mvua ikinyesha. Hata pale alipokuwa anamkasirikia, alijua kwamba hatapata mwingine wa namna hii.

"Anadanganya," Mama Angela akasema. Machozi yalikuwa yamemfikia kidevuni. "Ni mimi, wifi. Yeye hata hakutaka."

"Wewe!" Shangazi Suzana akapiga viganja. "Angela! Nimetoka Bukoba nimekunjwa kwenye basi, nimepitishwa juu ya daraja la Busisi hata maji sikuyanusa, mgongo unaniuma, kumbe nimekuja kumposesha binti wa kaka yangu kwa mpambaji wa harusi! Ningesema ndiyo hapa, nani angekuwa mkwe wetu? Mwenye kochi!" Akachukua mkoba wake. "Naondoka. Sijawahi kufanyiwa dharau kama hii tangu nizaliwe."

Renatha akasimama mlangoni.

"Nipishe, mtoto."

"Sikupishi, Shangazi. Na usinitolee macho. Dharau umeileta wewe." Akashika miimo ya mlango kwa mikono miwili. "Ulimkataa mtu wa Nice kwa sababu ya kiti kilicholegea mguu. Kiti! Kingepigwa msumari mmoja kingekaa sawa. Dada yangu umemvunja, hukutoa hata sababu. Ndiyo maana mama yangu anatetemeka kila akisikia unakuja, ndiyo maana anakodi makochi. Uongo huu umetufundisha wewe kwa kukaa kwako!"

Harufu ya samaki ilikuwa imejaa nyumba nzima. Shangazi Suzana alisimama na mkoba wake kifuani, taya limeacha kutafuna.

"Kiti?" akasema hatimaye. "Mlidhani ni kiti?"

"Ni nini kingine?"

"Nilikwenda msalani, mtoto wewe. Kwenye kamba ya uani nikakuta khanga za mwanamke na nguo za kichanga, zimeanikwa, zinachuruzika maji. Nikamuuliza yule kijana, akaanza kuniapia Mungu. Nirudi ndani niseme mbele ya watu? Nice uso wake angeuweka wapi? Shangazi hatoi sababu ili binti asiaibike! Ndiyo maana haulizwi!" Akaubwaga mkoba sakafuni. "Miaka mitatu! Miaka mitatu yule mtoto hapokei simu zangu, nami nimenyamaza, nikasema bora anichukie mimi. Kumbe mnakaa huko kwenu Buzuruga mnaniona mimi mwendawazimu, nakataa watu kwa ajili ya makochi!"

Mama Angela aliinuka, akaenda mpaka kwa wifi yake. Akapiga goti. Shangazi Suzana akamwinua kwa kumvuta kitenge, si kwa upole sana.

"Inuka, utachafua zulia la watu," akasema. Halafu akawageukia Malimi na Renatha. "Sijakaa nyumba hii. Nimekaa dukani. Toeni haya mapambo, nileteeni kiti."

Viti vikatolewa kwenye banda. Odeta akavimwagia maji na sabuni uani, akavisugua kwa brashi ya nguo, huku Malimi na Renatha wakibeba makochi mmoja upande huu mwingine upande ule, wakayapanga barazani wakitazamana juu ya kingo za dhahabu. Shangazi alisubiri wima, amekataa hata jamvi. Kiti cha mninga kilipoingizwa kilikuwa bado kimelowa, na harufu ya ndama haikuwa imekwisha. Shangazi Suzana akaketi. Miguu yake ikagusa sakafu. Akala sato mzima na ugali wake, akachambua mpaka kichwa, akanawa, akajifuta.

"Aje Bukoba na wazee wake," akasema.

Mama Angela akapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Renatha alifungua mdomo kuuliza kitu, akakumbuka kwamba hakiulizwi, akaufunga.

Alitoka kwenda barazani akimtafuta Malimi, aliyekuwa ametoka nje Shangazi akiwa bado anakula. Alimkuta ameketi kwenye ngazi, pembeni ya yale makochi yaliyobebana kama mizigo ya mhamaji, anatazama ziwa. Odeta alishamletea habari. Ilionekana mabegani mwake. Lakini hakugeuka.

"Umesikia?" Renatha akauliza.

"Nimesikia."

"Mimi bado nina hasira na wewe."

"Hata mimi."

"Uliamini kwamba naweza kukuonea aibu."

"Na wewe uliingia tu mlangoni ukaamini kwamba najionea aibu mwenyewe."

Upepo wa ziwa ulimpiga Renatha gauni kwenye magoti. Malimi akajisogeza upande mmoja wa ngazi, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Basi kaa hapa," akasema. "Tukasirike pamoja."

Akakaa.